Kompyuta Iliyonisusa

Jumatatu, 10 Juni

Kompyuta imegoma. Nimebonyeza kitufe asubuhi hii mbele ya mke wangu na mbele ya mama mkwe, na hakuna kilichotokea. Si taa, si feni, si mlio. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikaichapa kofi ubavuni, kofi la heshima tu, kama baba alivyokuwa akiichapa redio yetu. Kimya vilevile! Nje baridi ya kukata masikio, ndani mimi natoka jasho.

Wiki iliyopita pia iligoma siku mojamoja, kisha ikawaka kana kwamba haikufanya kosa lolote. Tukaidharau. Leo haidharauliki, kwa sababu ya kitabu. Mke wangu anafundisha hesabu. Mtaa mzima humwita Mwalimu, nami nimeambukizwa. Kwa miaka miwili amekuwa akirudi kutoka shule, anavua viatu, anakaa pale mezani kuandika kitabu cha hesabu cha darasa la nne. Mchapishaji anakitaka Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mtu mwingine. Sura ya mwisho haijachapwa. Na kitabu chote kimo ndani ya hilo sanduku la kompyuta. Hakuna nakala mahali pengine popote.

Mwalimu akasema kwa upole kwamba tumwite fundi. Mafundi ni wengi, lakini Mwalimu akisema fundi ana maana ya mmoja tu: yule mwenye duka la kompyuta ng'ambo ya barabara, mkabala na duka la mikate. Walisoma pamoja. Alitaka kumuoa! Mama mkwe, ambaye anaishi nasi tangu mwaka jana, bado humwita yule kijana mwenye adabu, ingawa kijana mwenyewe ana upara. Mimi namwita Marashi. Harufu yake hubisha hodi kabla yake.

Nikauliza fundi wa nini na mimi nipo. Nikawakumbusha kwamba ofisini ni mimi ninayeangalia mashine ya kutoa kopi. Mama mkwe akauliza kama si ile iliyoungua. Nikajifanya sikusikia. Niko likizo wiki nzima, nina bisibisi, nina akili timamu. Kabla ya Ijumaa itakuwa imewaka.

Mwalimu alipoondoka nikafungua kifuniko. Vumbi! Nikalisafisha kwa brashi niliyoikuta mezani kwake, ile laini ya kupakia poda. Nikachomoa kila kilichochomoka, nikakirudisha kila kilichokubali kurudi. Zikabaki skrubu kadhaa ambazo nina hakika hazikuwa za lazima. Nikabonyeza. Kimya. Nikaenda kula.

Mchana jua likaingia chumbani kama kawaida yake, na mama mkwe akaja kukaa kwenye kiti chake cha dirishani kama kawaida yake. Nikabonyeza kwa hasira tu. Ikawaka! Nikampigia Mwalimu simu akiwa darasani, nikamwambia mume wake ni fundi. Akasema vizuri sana, ana wanafunzi arobaini wanaomsikiliza. Nikaizima ili ipumzike, nikafungua madirisha yote vumbi litoke.

Jioni Mwalimu karudi, kavua viatu, kakaa, kabonyeza. Imegoma. Upepo wa jioni unapeperusha pazia, yeye amekaa na kidole kwenye kitufe. Akauliza kama ilipowaka niliweka nakala ya kitabu kwenye flashi. Nikasema chai inapoa.

Jumanne, 11 Juni

Asubuhi imegoma. Nimebadilisha soketi. Nimebadilisha waya. Nimeigeuza ikatazama ukuta, nikaigeuza ikatazama mlango. Imegoma pande zote.

Mwalimu hakuniambia kitu. Alimpigia Marashi simu kutoka shule! Nilijua pale mama mkwe alipobadilisha kitenge na kutoa vikombe vya wageni. Marashi akaja mchana baada ya chakula, maana asubuhi haachi duka. Shati jeupe. Harufu mpaka jikoni. Akamsalimia mama mkwe kwa shikamoo ndefu, ya kuinama. Akaniuliza tatizo ni nini. Nikaanza kumweleza kitaalamu. Kabla sijamaliza akanyoosha kidole kimoja, kidole kimoja tu, akabonyeza.

Ikawaka.

Ikawaka pale pale, feni inaimba, skrini inang'aa! Mama mkwe akapiga makofi. Marashi akasema labda nilikuwa sibonyezi vizuri. Mimi! Kubonyeza! Akaongeza kwamba tuweke nakala ya kitabu kwenye flashi sasa hivi, kabla ya jambo lingine lolote. Nikamwambia asante, nyumbani kwangu sifundishwi. Akanywa chai vikombe viwili, akaaga.

Sasa nisingeweza kuliacha hivyo. Mtu hawezi kuondoka akiamini kwamba mimi sijui kubonyeza. Nikaizima ili igome, nimwite arudi ashuhudie. Nikabonyeza. Ikawaka. Nikaizima. Ikawaka. Nikaizima tena. Mama mkwe, kutoka kwenye kiti chake penye jua, akaniuliza kama nachezea taa za sherehe. Sikukata tamaa. Jua likazunguka nyuma ya paa la jirani, chumba kikapoa, mama mkwe akaenda zake jikoni, mimi nipo tu na kidole changu. Zima, washa. Zima, washa. Zima.

Imegoma! Nikaruka. Nikapiga kelele za furaha, nikakimbilia jikoni nikamkumbatia mama mkwe na mwiko wake. Imegoma kabisa, imegoma mbele yangu, si mimi mwenye kosa!

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake na karatasi za sura ya mwisho alizoziandika kwa mkono. Akauliza tunasherehekea nini.

Jumatano, 12 Juni

Nimelala vibaya, nimeamka na jibu. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma nimewaza, nikaona aibu kwa kutoliona mapema.

Ni mama mkwe.

Jumatatu ilipowaka, mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Jumanne ilipowaka, mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Ilipogoma, mama mkwe alikuwa amesimama, au jikoni, au chumbani kwake amejifunika. Ushahidi umekamilika! Kwa nini kompyuta imtake mama mkwe mimi sijui, lakini fundi mzuri haulizi kwa nini. Nadhani Marashi naye hajui, ndiyo maana alijificha nyuma ya kile kidole.

Nikagonga mlango wake mapema. Nikamwomba kwa heshima zote aje akae nami chumba cha kompyuta. Macho yakamlengalenga. Akasema tangu ahamie hapa sijawahi kumwomba tukae pamoja. Roho ikaniuma kidogo, lakini si muda wa kuumwa roho. Akaja na soksi, shali, na hita yake ndogo ya umeme, ambayo aliiweka miguuni pake, ubavuni mwa sanduku la kompyuta. Nikabonyeza. Imegoma. Nikamwambia asogee. Akasogea, akaisogeza na hita. Imegoma.

Akaona nimenyong'onyea, akaanza kunisimulia alivyofanya kazi kiwanda cha kushona akiwa msichana. Nikawa nasikiliza nusu, nabonyeza nusu. Msimamizi alikuwa mkali, ananyima watu ruhusa ya kwenda msalani. Imegoma. Siku moja akamnyima mama mkwe. Imegoma. Mama mkwe akasimama na mkasi mkononi, msimamizi akarudi nyuma kinyumenyume, akaangukia ndani ya pipa la vifungo.

Ikawaka!

Kwa hiyo haitoshi akae tu. Lazima asimulie, na hadithi ifike kwenye pipa. Hilo Marashi asingeligundua hata kwa miaka kumi.

Safari hii sikuwa mjinga. Nakala kwanza! Nikachomeka flashi yangu. Imejaa. Mechi zangu zote zimo, fainali nilizozikusanya tangu sijaoa. Nikajaribu kufuta moja. Nikaitazama kidogo kwanza, kuaga tu. Mkono ukakataa. Basi nikaamua kununua flashi mpya. Duka la karibu ni la Marashi, hatua chache kuvuka barabara. Sikwenda! Nikatembea mpaka mwisho wa soko, nikakuta foleni, nikakuta muuzaji amekwenda kula, nikamsubiri. Nilirudi na flashi mkononi na shati limelowa jasho.

Chumba kimya. Mama mkwe ameamua kupumzika, akazima kila kitu ukutani, maana anaogopa hita isije ikachoma nyumba. Nikabonyeza. Leo jua halikutoka mchana kutwa, mawingu tu, na dirisha lina ubaridi. Imegoma. Nikamwomba mama mkwe aje asimulie tena. Akasema hadithi imekwisha, na msimamizi yule alishafariki, si vizuri kumsema sana. Nikamwomba hadithi nyingine yoyote. Akaniangalia kwa jicho la pembeni, akafunga mlango kwa ufunguo.

Mwalimu hakunikaripia jioni. Angenikaripia ningepata nafuu. Alikaa mbele ya skrini nyeusi, mikono mapajani, akasema polepole kwamba miaka miwili ni mingi. Nikamwahidi kesho.

Alhamisi, 13 Juni

Hatari! Mwalimu kasema asubuhi, akifunga viatu, kwamba ameomba ruhusa shuleni. Mchana Marashi atakuja, wataichukua kompyuta, wataipeleka dukani kwake, na yeye Mwalimu atakaa huko huko mpaka kitabu kipatikane. Huko huko! Nalijua lile duka. Lina kiti kimoja cha wageni na pazia.

Nimezunguka nyumba nzima. Kukaa siwezi, kusimama siwezi. Nimewaza kumwambia Marashi kwamba kompyuta imeibwa. Lakini wangeita polisi. Nimewaza kuificha kwa jirani, lakini jirani hana siri. Kabatini haiingii, uvunguni kumejaa masanduku ya Mwalimu. Saa inakwenda mbio. Mwisho nikafanya kilichobaki. Nikachomoa nyaya, nikalibeba sanduku mpaka chumbani, nikalilaza kitandani, nikalala nalo, nikavuta blanketi mpaka kidevuni. Mgonjwa hafunuliwi.

Mama mkwe akanisikia nikiugua, maana niliugua kwa sauti. Akaja mbio, huruma imemjaa. Akaniongezea blanketi la pili. Akaniletea chupa ya maji ya moto, akaniwekea ubavuni. Akaleta na blanketi la tatu, lake mwenyewe. Akapitisha mkono juu ya blanketi, akashtuka. Akasema tumbo limekuwa gumu sana, tena lina kona. Nikamwambia ni gesi.

Mchana wakafika. Nikasikia harufu, kisha sauti. Wakaingia chumba cha kompyuta, wakatoka. Marashi akasema tumeingiliwa na wezi, lakini wezi wa ajabu, wameacha skrini. Nikasikia hatua za Mwalimu zikija chumbani, na nyingine nyuma yake. Nikafumba macho. Nilikuwa nimeiva ndani ya yale mablanketi kama ndizi. Mwalimu akasimama kando ya kitanda. Kisha akavuta mablanketi, yote matatu kwa mpigo mmoja.

Nilikuwa nimeikumbatia kwa mikono miwili.

Marashi akakohoa, akasema atasubiri nje. Mama mkwe akasema kumbe ndiyo hiyo gesi. Mwalimu akanyoosha mkono; nikadhani ananigusa paji la uso. Akagusa sanduku. Akauacha mkono wake pale juu, uso umebadilika, uso ule anaoupata pale mtoto wa nyuma darasani anapotoa jibu sahihi kwa bahati. Akasema ina joto kama mkate. Akalinyanyua mwenyewe, akalirudisha mezani, sisi nyuma yake, akachomeka nyaya, akabonyeza.

Ikawaka!

Akatueleza taratibu, kama darasa la nne. Asubuhi inagoma. Mchana jua likiingia inakubali. Jana, siku ya mawingu, karibu na hita ilikubali. Hita ilipozimwa ikagoma mpaka usiku. Leo mablanketini imekubali. Akauliza kitu gani ni kimoja katika yote hayo. Nikasema mama mkwe. Akasema baridi, mume wangu, ni baridi tu. Marashi, kutoka nje ya dirisha, akadakia kwamba ndivyo hasa alivyokuwa anataka kusema, kwamba kisanduku cha umeme humo ndani kimezeeka, kikipoa hakiamki, na Jumamosi atatuletea kingine. Mwongo mkubwa! Jumanne alisema ni kidole changu.

Mwalimu alichomeka flashi yake mwenyewe kwanza, kabla hata ya kukaa. Nakala ilipokamilika akaitia kifuani. Kisha akawasha hita ya mama yake, akavua viatu, akaanza kuchapa sura ya mwisho. Nilirudi kuketi kitandani nikisikia vidole vyake kwenye kibodi. Nilijua kilichotokea. Niliikumbatia, ikapona. Mengine ni maneno ya watu waliosoma hesabu.

Ijumaa, 14 Juni

Kitabu kimekwenda! Mwalimu alikituma asubuhi kabla ya kwenda shule, mchapishaji akajibu kwamba kimefika chote, kurasa zote, na kimefika kwa wakati. Mwalimu akasoma jibu, akafunika uso kwa mikono, akalia. Nami nikalia. Mama mkwe akatukuta tunalia, akadhani imegoma tena, akaenda kuleta blanketi.

Jioni tukakaa ngazi za nyuma, mimi na yeye. Akaniuliza kama yote yale, blanketi na yote, yalikuwa kwa sababu ya Marashi. Nikasema yalikuwa kwa ajili ya usalama wa kitabu. Akanitazama tu. Nikasema ndiyo, kwa sababu ya Marashi. Nikasema kila akiingia nyumbani mwangu naona kama amekuja kuchukua alichokisahau.

Akacheka mpaka akaegemea bega langu. Akasema yule alimkataa tangu zamani na hajajuta hata siku moja. Nyumbani kwa Marashi hakuna kilichoharibika, hakuna hata mlango unaolia; huko yeye angekufa kwa uchovu wa kukaa. Akasema alinichagua mimi, na angenichagua tena kesho. Kisha akanishika mkono akaniomba kitu kimoja tu, kwa mapenzi: nisiiguse tena ile kompyuta, kamwe.

Alinichagua mimi! Na angenichagua tena! Nimeandika hapa nisisahau. Kulikuwa na jambo jingine mwishoni, lakini hilo ndilo kubwa.

Jumapili, 16 Juni

Jana Marashi kaja na kisanduku kipya. Kakiweka kabla chai haijapoa, akakuta nafasi za skrubu ziko tupu, akaweka zake kutoka mfukoni. Kile cha zamani akakiacha kwenye mfuko wa nailoni karibu na mlango, kitupwe.

Asubuhi hii baridi ilikuwa kali kuliko wiki nzima. Mwalimu akaamka kabla yetu, akabonyeza, ikawaka mara moja. Akafanya kazi zake, akaizima. Akabonyeza tena baadaye, ikawaka. Hakuniita. Hakumwita mtu yeyote. Nilipita mlangoni nikakohoa. Akasema bila kugeuka kwamba kila kitu kiko sawa. Nikapita tena na bisibisi mkononi. Akasema kila kitu kiko sawa, mume wangu. Nikaenda kukaa uani. Nikarudi. Nikaenda tena.

Mchapishaji ameandika. Anataka kitabu cha darasa la tano! Mwalimu anaanza kesho. Anasema ataamka mapema achape kidogo kabla ya kwenda shule. Nimefurahi kwa ajili yake, nimefurahi sana. Lakini nimekaa nikawaza. Miaka miwili mingine, kila asubuhi anabonyeza na inawaka, na kinachowaka ndani ni cha Marashi. Mimi niko wapi hapo?

Mchana Mwalimu alipokwenda kumtembelea mwalimu mwenzake, nikafungua kifuniko. Kazi yenyewe si ngumu kama wanavyojidai. Mama mkwe alinishikia tochi. Nilimwambia ni ukaguzi wa kawaida. Nimekitoa cha Marashi, nimekirudisha chetu cha zamani. Nyaya zote zimerudi, isipokuwa mmoja ambao sikuona faida yake.

Baridi inaanza kuingia tena. Nimefungua dirisha kidogo, kwa ajili ya hewa. Kesho asubuhi atakaa, atabonyeza, haitawaka. Atabonyeza tena. Kisha atageuka aniite. Nitachelewa kidogo kuitika, asije akajua kwamba nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango.